Uhandisi wa Viwanda na Mifumo katika Shahada ya Kwanza: Nafasi ya Kiswahili katika Taaluma ya Kazi

Utangulizi

Msomaji wa jarida hili anapokutana na makala kuhusu uhandisi, huenda akadhani kwamba kurasa zimechanganyika matbaani. Tumezoea kujadili humu fani na maudhui, arudhi, ngeli na nadharia za uhakiki. Hata hivyo, ipo taaluma moja ya uhandisi ambayo haituruhusu kuipita kama jirani tusiyemjua. Taaluma hiyo ni uhandisi wa viwanda na mifumo. Wahandisi wengine hushughulika na chuma, saruji, umeme au kemikali. Huyu hushughulika na kazi yenyewe, na kazi hufanywa na watu wenye lugha.

Makala haya yananuia kutimiza mambo matatu. Kwanza, kueleza taaluma hii ni ipi na ilitoka wapi. Pili, kuonyesha mwanafunzi wa shahada ya kwanza hufunzwa nini. Tatu, kutetea hoja kwamba katika mazingira yetu ya Kenya, mwanafunzi wa fani hii asiyeweza kumsikiliza na kumwuliza mfanyakazi kwa Kiswahili kinachoeleweka hajakamilisha masomo yake, hata akipata alama za juu kiasi gani katika hisabati. Hoja hii ya tatu inatuhusu sisi moja kwa moja, kama itakavyobainika.

Maana na chimbuko la taaluma

Kwa ufupi, uhandisi wa viwanda na mifumo ni elimu ya kupanga watu, mitambo, malighafi, habari na fedha ili vifanye kazi pamoja kama kitu kimoja, bila upotevu na bila kumwumiza mtu. Neno 'mfumo' ndilo kiini. Kiwanda ni mfumo, lakini pia hospitali, bandari, benki na bwalo la chakula chuoni. Chama kikuu cha wataalamu hawa nchini Marekani kiliasisiwa mwaka wa 1948 kikiwa na jina la uhandisi wa viwanda pekee. Mwaka wa 2016 kiliongeza neno 'mifumo' katika jina lake, kwa kuwa upeo wa taaluma ulikuwa umepanuka.

Chimbuko la taaluma hii liko mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Frederick Winslow Taylor, Mmarekani, alisisitiza kwamba kila kazi ichunguzwe, igawanywe katika vitendo vidogo na kupimwa kwa saa. Kitabu chake kuhusu kanuni za usimamizi wa kisayansi kilitoka mwaka wa 1911. Mwaka uo huo, mafundi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, waligoma kwa kuchukizwa na saa hiyo, hadi Bunge la Marekani likaunda kamati ya kuchunguza mbinu za Taylor. Tukikumbuke kisa hiki, kwani kitaturudia mbele.

Frank na Lillian Gilbreth, mume na mke, walifuata njia tofauti kidogo. Frank alikuwa mwashi. Aliona kwamba kila mwashi huinama kuokota tofali, huligeuza kutafuta upande mzuri, kisha huinuka. Hivyo huubeba mwili wake mwenyewe mara mamia kwa siku. Akabuni jukwaa la kuyaweka matofali karibu na mikono. Vitendo vya kuweka tofali moja vikapungua kutoka 18 hadi takriban 5. Lillian, aliyepata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Brown mwaka wa 1915, aliingiza saikolojia katika fani hii. Alitaka ijulikane mfanyakazi anachokaje, anaogopa nini na anaridhishwa na nini. Frank alipofariki mwaka wa 1924, Lillian alibaki na watoto 11, akaendelea na utafiti, na mwaka wa 1935 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Purdue.

Huko Japani, Taiichi Ohno wa kampuni ya Toyota alibainisha aina saba za upotevu: kuzalisha kupita mahitaji, kungoja, kusafirisha vitu bila sababu, kushughulikia kitu kupita kiasi, kulimbikiza bidhaa, kwenda huku na huku bila haja, na kuzalisha vitu vyenye kasoro. Hapa pana jambo litakalomfurahisha mwanaisimu. Neno la Kijapani la upotevu ni 'muda'. Neno letu 'muda' lina asili ya Kiarabu, na maneno haya mawili hayana undugu wowote. Yamefanana kwa sadfa tu. Hata hivyo, ni sadfa yenye mafunzo, maadamu upotevu mwingi katika kazi ni upotevu wa muda.

Yanayofunzwa katika shahada ya kwanza

Nchini Kenya shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako pia kuna shahada ya uhandisi wa viwanda, ni minne. Katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, fani hii imefungamana na uhandisi wa nguo, na chuo hicho kilikinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka wa 2007 ili kiwe mahali pa utafiti na mafunzo.

Miaka ya mwanzo humpa mwanafunzi msingi wa kalkulasi, aljebra, fizikia, kemia, michoro ya kihandisi, programu za kompyuta na kazi za karakana. Takwimu na nadharia ya uwezekano hupewa uzito wa pekee, kwa kuwa katika kazi hakuna siku mbili zinazofanana. Miaka ya juu huleta masomo yanayoitambulisha fani: utafiti wa operesheni, yaani matumizi ya hisabati katika kufanya maamuzi, udhibiti wa ubora, upimaji wa kazi, ergonomia, yaani elimu ya kuilinganisha kazi na mwili wa binadamu, mpangilio wa kiwanda, usimamizi wa ugavi, uchumi wa uhandisi, na uigaji wa mifumo kwa kompyuta. Kati ya masomo hayo kuna mafunzo ya nyanjani, na mwishoni kuna mradi wa utafiti.

Tuchukue mfano mmoja ili msomaji aonje ladha ya fani yenyewe. Elimu ya foleni ilianzishwa na A. K. Erlang, mtaalamu wa hisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, kwa makala aliyoyachapisha mwaka wa 1909. Mwaka wa 1961 John Little, Mmarekani, alithibitisha kanuni inayojulikana kwa jina lake. Kanuni hiyo yasema kwamba wastani wa watu walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia, ikizidishwa kwa wastani wa muda ambao kila mmoja hukaa humo.

Tuseme wanafunzi 4 huingia katika bwalo la chakula kila dakika, na kila mmoja hukaa humo dakika 15 tangu kupanga foleni hadi kutoka. Kwa wastani, bwalo litakuwa na watu 60. Ikiwa lina nafasi ya watu 40 tu, msongamano hauepukiki. Mkuu wa bwalo atataka kujenga ukumbi mpya. Mhandisi wa mifumo atauliza kwanza: je, dakika hizo 15 zinatumikaje? Iwapo 6 kati yake hutumika kungojea chenji ya keshia, na chenji ikaandaliwa mapema ili kungojea huko kupungue hadi dakika 1, muda wote utashuka hadi dakika 10. Nne mara kumi ni arubaini. Ukumbi umetosha bila kuongezwa tofali hata moja.

Mfano wa pili unatoka katika uwanja wetu wa fasihi. Mojawapo ya vitabu vinavyosomwa sana na wanafunzi wa fani hii ni riwaya. Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, akishirikiana na mwandishi Jeff Cox, alichapisha The Goal mwaka wa 1984. Mhusika mkuu, Alex Rogo, ni meneja wa kiwanda aliyepewa miezi mitatu kukiokoa kisifungwe. Siku moja anawaongoza vijana skauti katika matembezi. Anatambua kwamba msafara wote hauwezi kwenda kwa kasi kuliko Herbie, kijana aliye mpole wa mwendo. Suluhisho si kuwahimiza walio mbele; ni kumweka Herbie mbele na kumpunguzia mzigo wa mkoba wake. Ndivyo kilivyo kiwanda: kasi ya mfumo mzima ni kasi ya mahali pale panapokwama. Kuongeza nguvu mahali pengine popote ni kuongeza mrundikano tu. Wahandisi walipotaka wazo hili lieleweke, walilitungia hadithi. Basi nani atasema kwamba fasihi haina kazi karakanani?

Kisa cha hojaji

Sasa nieleze jinsi nilivyoingia katika mambo haya, mimi niliyeyaaga mahesabu baada ya kidato cha nne.

Mdogo wangu alikuwa katika mwaka wa nne wa shahada hii alipokwenda kwa mafunzo ya nyanjani katika kiwanda kimoja cha unga wa mahindi. Kiwanda chenyewe sitakitaja, kwa kuwa kisa hiki kingeweza kutukia popote. Alipewa kazi ya kuchunguza sehemu ya upakiaji. Pale unga hutiwa katika pakiti za kilo 2, pakiti 12 hufungwa pamoja kuwa robota moja, na marobota hupelekwa ghalani. Uzalishaji ulikuwa chini ya matarajio, na uongozi ulitaka kujua sababu.

Kwa siku tatu alisimama kando ya meza, saa mkononi. Siku ya kwanza wafanyakazi walifanya kazi kwa kasi ya ajabu. Siku ya pili walijikokota kana kwamba wametoka matangani. Siku ya tatu wawili kati yao walimwuliza kama orodha ya watakaoachishwa kazi imekamilika. Takwimu zake hazikuwa na maana yoyote. Hofu ya Watertown ya mwaka wa 1911 ilikuwa imemngojea pale mlangoni.

Aliamua kutumia hojaji. Aliiandika kwa Kiingereza, akanitumia niifasiri. Swali mojawapo liliwataka wafanyakazi waeleze upotevu wanaouona katika sehemu yao, na neno la Kiingereza alilolitumia hubeba maana ya upotevu na pia ya taka. Mimi, bila kumwuliza lolote, niliandika 'taka'. Majibu yalirudi yakieleza kwa kirefu habari za mapipa, mafagio na mifuko iliyoraruka. Mmoja alilalamika, tena kwa haki kabisa, kwamba msala wa wanawake haukuwa na pipa. Kuhusu upotevu wa muda hapakuwa na hata sentensi moja.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na shahada ya kwanza ya Kiswahili na alama nzuri katika somo la tafsiri, ila nilikuwa nimefasiri neno pasipo kujua kazi. Mdogo wangu naye alijua kazi vitabuni, lakini hakuwa na neno la kuiulizia. Zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya kurejea chuoni.

Tulizungumza usiku ule kwa simu. Tulikubaliana aiache saa na hojaji, aende kunywa chai ya saa nne pamoja nao, aeleze wazi kwamba yeye ni mwanafunzi, kwamba hana uwezo wa kumfuta mtu kazi, kisha aulize swali moja tu: "Ni wapi mnapongoja?" Kuuliza si ujinga. Jibu lilitoka kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa amefanya kazi pale kwa miaka mingi. "Mwanangu," alimwambia, "sisi hatungoji mashine. Sisi twangoja ufunguo."

Marobota yalipaswa kupimwa uzito na kutiwa sahihi kabla ya kuingia ghalani. Mwenye mizani, kalamu na ufunguo alikuwa mtu mmoja. Kila alipoitwa ofisini kupeleka karatasi, marobota yalirundikana sakafuni hadi pasiwe na pa kukanyaga, na msimamizi akaamuru mashine ya kujaza izimwe. Katika daftari la mdogo wangu, saa hizo zilikuwa zimeandikwa kwamba mashine imesimama. Alikuwa ameanza kuandika pendekezo la kununua mashine ya pili ya kujaza. Kiwanda kingetumia fedha nyingi kununua mrundikano mkubwa zaidi, na lawama ingewaangukia waliokuwa mezani.

Pendekezo lake la mwisho lilikuwa la aya moja: mtu wa pili aruhusiwe kupima na kutia sahihi. Uongozi ulikubali kulijaribu. Hakuna aliyeachishwa kazi kwa sababu ya ripoti hiyo.

Mafunzo kwa mwanafunzi wa lugha

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Ujuzi wa kazi uko kwa anayeifanya. Hisabati ya mhandisi huweza kuupima ujuzi huo na kuuthibitisha, lakini haiwezi kuuzaa. Njia ya kuufikia ni lugha, na katika viwanda vingi vya humu nchini lugha inayowakutanisha watu wa makabila mbalimbali ni Kiswahili. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kiwandani kilikuwa rasmi kitambo kabla ya karatasi. Hata hivyo, mwanafunzi wa uhandisi husoma miaka mitano bila kukutana na istilahi moja ya fani yake katika lugha atakayoitumia kuwauliza watu maswali.

Yapo mambo matatu ambayo sisi twaweza kuyafanya.

La kwanza ni istilahi. Tusikimbilie kufasiri maneno yakiwa peke yake. Mathalani, mahali panapopunguza kasi ya mfumo Waingereza hupafananisha na shingo ya chupa. Tukisema hivyo kwa Kiswahili, msikilizaji atatafuta chupa iko wapi. Wafanyakazi wenyewe husema "hapa ndipo kazi inapokwama". Kitenzi tunacho, na kanuni za uundaji wa nomino twazijua, napendekeza 'kikwamo'. Vivyo hivyo, upotevu ubaki 'upotevu', taka ziachiwe mapipa, na anayekwenda kupima kazi aeleze kwamba anaipima kazi, hampimi mtu.

La pili ni hojaji. Kila mwaka wanafunzi wa uhandisi, uuguzi, kilimo na biashara huandika hojaji na kuzifasiri kwa pupa usiku wa kuamkia utafiti. Chama chetu kinaweza kuwa na meza ya huduma hiyo. Sharti liwe moja: mfasiri akutane na mtafiti ana kwa ana na kumwuliza kila swali linataka kujua nini. Mimi ningefanya hivyo, tungeokoa juma zima.

La tatu ni sarufi ya ripoti. Katika rasimu ya kwanza ya mdogo wangu palikuwa na sentensi ya Kiingereza yenye maana ya 'iligunduliwa kwamba ucheleweshaji unatokea mizanini'. Nilimwuliza: iligunduliwa na nani? Kauli ya kutendwa ina matumizi yake halali, lakini pia ina uwezo wa kumficha mtenda. Yule mama alikuwa amelijua jambo hilo kwa miaka, na sasa sentensi ilikuwa ikimpokonya. Rasimu ya mwisho ilisema kwamba maelezo yalitolewa na wafanyakazi wa upakiaji na kuthibitishwa kwa vipimo. Jina lake halikutajwa, kwa kuwa yeye mwenyewe aliomba lisitajwe.

Nasaha kwa anayetaka kuisomea fani hii

Kwa mdogo wetu aliye katika shule ya upili na anayeitazama fani hii kwa hamu, nasaha ni chache. Ajitahidi katika hisabati na fizikia. Hapo hapana njia ya mkato. Azoee kutazama foleni ya benki, ya kliniki au ya kituo cha matatu na kujiuliza kwa nini ipo. Achunguze mapema kama programu ya chuo anachokipenda imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, ili asihangaike baadaye wakati wa usajili. Mwisho, asilitupe daftari lake la Kiswahili siku atakayopokea barua ya kuitwa chuoni. Insha na ufahamu alivyovisoma ni sehemu ya vifaa vyake vya kazi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kueleza uhandisi wa viwanda na mifumo kama taaluma ambayo malighafi yake ni kazi ya binadamu. Tumeona ilivyoanza na saa ya Taylor, ikajifunza kuutazama mwili na moyo wa mfanyakazi kupitia kwa akina Gilbreth, na ikafikia kuutazama mfumo mzima. Tumeona pia kwamba kipimo kizuri kinaweza kukosa ukweli ikiwa swali limeulizwa kwa neno lisilofaa.

Mdogo wangu amekwisha kuhitimu na sasa yumo kazini. Mimi naendelea na tasnifu yangu ya uzamili katika fasihi. Bado hunitumia maswali yake kabla ya kwenda kwa wafanyakazi, nami siku hizi siandiki neno hata moja kabla ya kumwuliza: kwani hapo kazi inafanywaje?